Katiba na Kibanja cha Ukoo



Ikitajwa Katiba, wengi hukimbilia Dodoma na habari za Muungano. Mimi nawarudisha Muleba. Mwaka 1988 mama mmoja mzee wa huko, asiye na wa kumtunza, aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mnunuzi hakuwa wa ukoo. Bei shilingi 300,000. Mtoto wa nduguye akashitaki, akashinda katika Mahakama ya Mwanzo. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza.

Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya alizipima sheria hizo kwa Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Akaamua kuwa mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume.

Ukoo haukufutwa, wazee msihamaki! Yule kijana aliruhusiwa kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Ila mama yule alihesabiwa kwanza raia wa Tanzania, ndipo binti wa ukoo.

Tuliosoma hapa ndio tunaoketi katika vikao vya ukoo. Nami nimeketi, dada zetu wakinyimwa, nikanyamaza.

Vijana, likizo ijayo waulizeni baba zenu: katika kibanja, dada zenu wameandikiwa nini?