NCHA ZA USUKANI
Mazungumzo yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, wapanda pikipiki na wapeleka mizigo



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo. Twataka kusema juu ya ncha mbili za usukani wa pikipiki, ya kulia na ya kushoto, na jinsi ya kuzitengeneza pikipiki ikianguka kidogo. Hatusemi juu ya ajali kubwa. Twasema juu ya lile anguko la kila siku: umesimama kwenye tope na mguu umeteleza, stendi imezama mchangani, abiria ameruka chini kabla hujawa tayari. Pikipiki inalala ubavu, watu wanacheka, unaiinua, unafuta vumbi na kuendelea na kazi.

Hapo ndipo penye hatari. Pikipiki ikilala, ncha ya usukani ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupiga ardhi, pamoja na mkono wa breki au wa klachi. Chombo chenye uzito wa kilo 100 na zaidi kinaegemea mahali padogo kama sarafu. Hapana budi kitu kidhurike, hata kama jicho halikioni.

Mwanachama mwenzetu mmoja aliangusha pikipiki ya tajiri wake mbele ya duka. Raba ya kulia ilichanika na ncha ikabonyea. Kwa kuogopa kukatwa mshahara, alipaka rangi nyeusi juu ya mikwaruzo akanyamaza. Siku ya tatu, akikata kona, aliachilia mafuta na mafuta hayakurudi. Akabana klachi, akazima swichi, akaishia mtaroni. Alipona kwa kuchubuka magoti tu, na siku hiyo hakuwa na abiria. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba aliona heri kupanda pikipiki mbovu kuliko kupoteza posho ya watoto. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Lakini ndugu zetu, tusimlaumu yeye peke yake. Tutarudi kwa jambo hilo.

Kwanza tueleze sababu ya mafuta kukwama. Usukani wa pikipiki zetu nyingi ni bomba la chuma lenye upana wa milimita 22. Upande wa kushoto raba imeshikamana na bomba lenyewe. Upande wa kulia si hivyo. Raba imevaa kibomba cha plastiki, na hicho ndicho kinachozunguka juu ya chuma na kuvuta waya wa mafuta. Ncha ya chuma ikibonyea au ikiota meno makali, kibomba kinasuguana nayo. Kile kizito cha chuma kilichofungwa mwisho wa usukani kikisukumwa ndani, kinaibana raba isizunguke. Na raba iliyochanika hujikunja na kushika. Katika hali zote tatu, unaachilia mkono lakini injini haisikii.

Basi ukiangusha pikipiki, fanya hivi kabla ya kupanda tena.

Kwanza, zima injini, toka barabarani, simamisha pikipiki vizuri. Zungusha kishikio cha mafuta mpaka mwisho, kisha kiachilie ghafula. Lazima kirudi chenyewe kwa kishindo. Fanya hivyo usukani ukiwa umenyoka, kisha ukiwa umekatwa kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Kikirudi polepole hata mara moja, usipande. Baadaye washa injini bila gia, ukate usukani huku na huku. Sauti ya injini ikipanda, waya umevutwa au umebanwa.

Pili, tazama mikono ya breki na klachi. Kile kidude cha mviringo mwishoni hakikuwekwa kwa urembo. Kinazuia vidole visiteleze, na mkono usimchome mtu. Kikikatika, badilisha mkono. Ukiwa umepinda, usiupige nyundo kuunyosha, maana mikono mingi ni ya aluminiamu, nayo huvunjika siku unapoibana kwa nguvu, yaani siku ya hatari.

Tatu, fungua kizito cha mwisho wa usukani, kama pikipiki yako inacho. Parafujo yake ikiwa imepinda, weka nyingine. Usiirudishe ile ile. Kizito chenyewe kikiwa na makwaruzo tu, kisugue kwa tupa mpaka kisikwaruze mkono, kisha msasa, kisha rangi. Usikitupe ukaona hakina kazi. Kinapunguza mtetemo unaotia mikono ganzi kwa safari ndefu, na pikipiki ikianguka ndicho kinachopigwa badala ya bomba.

Nne, toa raba na utazame ncha ya bomba. Meno makali yaondoe kwa tupa ya nusu mviringo, nje na ndani. Bomba likiwa limebonyea kidogo tu, fundi ataingiza chuma cha mviringo chenye ncha nyembamba na kukigonga polepole mpaka tundu liwe duara tena. Asitie moto. Kisha futa unga wote wa chuma kwa kitambaa, kwani ukibaki ndani ya kibomba utasaga plastiki na kuleta ugonjwa ule ule.

Tano, rudisha vitu mahali pake. Upande wa mafuta, acha nafasi ya milimita 1 au 2, kadiri ya unene wa sarafu, kati ya raba na kizito. Raba iliyochanika ibadilishe. Twajua kuna wenzetu wanaofunga kishikio kwa vipande vya tyubu ya zamani. Upande wa kushoto yaweza kufaa kwa muda. Upande wa kulia usifunge kamwe, kwa sababu mpira ukilegea utashika. Ukimaliza, rudia majaribio ya kwanza yote.

Sita, usiache ncha ya bomba wazi. Bomba tupu ni kisu cha mviringo. Madaktari wameandika mara nyingi juu ya watoto walioumizwa tumboni na ncha za usukani wa baiskeli, jeraha la nje likiwa dogo na la ndani likiwa kubwa. Kizibo cha plastiki hugharimu pesa kidogo sana kuliko tumbo la mtu.

Na usukani wenyewe ukiwa umepinda, shauri ni moja: badilisha. Fundi atakwambia anaweza kuunyosha kwa bomba refu au kuuchomelea. Ni kweli anaweza, lakini chuma kilichopinda kikanyoshwa kimepungua nguvu mahali pale pale, na hakitakupa habari kabla ya kukatika.

Ndugu wanachama, sasa twarudi kwa yule mwenzetu wa mtaroni. Nani alipe? Hili ndilo linalotufanya tufiche, na kuficha ndiko kunakotuumiza.

Kwa aliyeandikwa kazi kwa mshahara, sheria ipo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, fungu la 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika, ikiwa uharibifu umetokana na kosa la kukusudia la mfanya kazi. Kuteleza kwenye tope si kukusudia. Tena makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Basi tajiri akikata pesa za raba na kizibo kwa sababu ya anguko la bahati mbaya, usigombane naye peke yako wala usinyamaze. Lete karatasi ya mshahara kwa katibu wa tawi.

Kwa yule anayepanda pikipiki ya mtu na kumpelekea fedha kila jioni, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa wengi hawana maandishi yo yote. Twawashauri mwandike, hata kwenye ukurasa wa daftari mbele ya shahidi: vitu vidogo vya anguko atalipa nani, na siku ya kutengeneza mwenye chombo atadai fedha za siku au hatadai. Mwenye pikipiki mwenye akili ataelewa kwamba raba mpya ni rahisi kuliko pikipiki mtaroni.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mfanya kazi atoe habari ya jambo la hatari kwa msimamizi wake. Tukidai haki ya kutokatwa, tushike pia wajibu wa kusema. Rangi nyeusi juu ya ufa si ukarabati.

Twaleta mbele yenu shauri moja, nalo si kubwa. Kila kituo kiweke sanduku la bati lenye tupa, msasa, bisibisi, spana, raba za akiba na vizibo. Kila mmoja atoe kidogo, na mweka hazina wa kituo aandike. Mwenzetu akianguka asubuhi, tusimcheke tukaondoka. Tumsaidie kuinua, tujaribu mafuta pamoja, tutengeneze hapo hapo. Atakosa abiria wawili watatu, lakini jioni atafika kwake.

Wenye maswali waulize sasa. Na ambaye ana pikipiki nje yenye ncha iliyobonyea, asione haya. Tupa tumekuja nayo.

Umoja ni nguvu.