Wino na Karatasi Havitoshi

Sherehe ya Kupaa Bwana – Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni



Leo Mama Kanisa anaadhimisha Sherehe ya Kupaa Bwana wetu Yesu Kristo mbinguni, na pamoja nayo Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni. Siku hii ilitokana na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, na iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Wakati ule, vilipotajwa vyombo vya habari, wazee wetu walifikiri gazeti, redio na sinema. Leo chombo kimeingia mfukoni, na usiku tunakilaza chini ya mto. Chombo hicho ni simu ya mkononi. Nasi tunapenda kujiuliza swali moja tu: je, simu hii inatupeleka kwa jirani, au inatupa udhuru wa kutokwenda kwake?

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Ushongo ni kijiji cha pwani katika wilaya ya Pangani, mkoani Tanga. Atokaye Pangani mjini huvuka mto hadi Bweni, kisha hufuata njia ya kusini kati ya minazi. Wenyeji wengi ni wavuvi, na wengi wao ni Waislamu. Wakristo ni familia chache. Wakati mmoja wa masika, baba wa mojawapo ya familia hizo alifariki, akamwachia mkewe watoto watatu. Habari ilienea siku ile ile katika kundi la simu la jumuiya. Kabla ya jua kutua, mjane alikuwa amepokea salamu za pole zaidi ya arobaini. Wengine walituma sala, wengine picha ya mshumaa unaowaka, wengine rambirambi ya fedha kwa njia ya simu. Nasi tulikuwa miongoni mwao. Mvua ilikuwa kubwa, njia ilikuwa tope tupu, na kazi za parokia zilikuwa nyingi. Tukaandika: "Pole sana mama, tuko pamoja." Tuliandika kwamba tuko pamoja, ilhali hatukuwa pamoja.

Siku chache baada ya mazishi, katekista alikwenda kumsalimu, akamuuliza kama amezipata salamu za wanajumuiya. Mama yule akajibu kwa upole: "Mwalimu, nimezipokea zote, Mungu awabariki. Lakini usiku wa kwanza, aliyelala nami mkekani ni jirani yangu wa nyumba ya pili. Yeye ni Mwislamu, na simu hana."

Wapendwa, neno lile lilipotufikia lilituchoma moyo. Tulivuka mto tukaenda. Hapo awali tulikuwa tumemuuliza kwa simu wanaendeleaje, naye alijibu kwamba wanaendelea vizuri, wanamshukuru Mungu. Hakusema uongo; ndivyo mtu mwenye adabu ajibuvyo akiulizwa kwa maneno matatu. Lakini tulipopiga hodi, tukakaribishwa na kuketi, macho yetu yaliona ambayo simu haikuyaeleza. Uso ulikuwa umekonda. Jiko lilikuwa baridi saa ya chakula. Mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa darasa la sita, hakuwapo nyumbani wala shuleni. Alikuwa ufukoni akisaidia watu kuvuta nyavu ili apewe kitoweo. Tangu siku ya mazishi hakurudi darasani. Katika salamu zote zile, hakuna aliyejua. Jioni ile jumuiya ilipanga zamu ya kumtembelea na kumpelekea chakula, na Jumatatu iliyofuata mtoto alirudi shuleni. Haikuhitajika fedha nyingi. Alihitajika mtu wa kufika.

Sasa tusikilize Maandiko Matakatifu. Katika Agano Jipya kuna barua fupi, Waraka wa Pili wa Yohane. Mwishoni mwake, katika aya ya kumi na mbili, mzee yule anawaambia Wakristo wake kwamba ana mengi ya kuwaandikia, ila hapendi kuyasema yote kwa karatasi na wino. Anatumaini kufika kwao na kuzungumza nao ana kwa ana, ili furaha yao ikamilike. Neno hilo hilo analirudia mwishoni mwa Waraka wa Tatu. Karatasi na wino ndivyo vilivyokuwa vyombo vya mawasiliano vya zama zake. Hakuvidharau, alivitumia, na kwa sababu alivitumia, nasi tunayo barua yake hadi leo. Lakini alijua mpaka wake. Barua humtangulia mtu. Haichukui nafasi yake.

Na tazameni alivyofanya Mungu mwenyewe. Kwa karne nyingi alisema na watu wake kwa vinywa vya manabii. Ulipotimia wakati, hakutuma ujumbe mwingine tu. Yohane anatufundisha katika sura ya kwanza ya Injili yake kwamba Neno alitwaa mwili akakaa kwetu. Alimgusa mkoma. Aliketi kisimani na mwanamke Msamaria. Alimlilia Lazaro, mbele ya dada yake aliyekuwa akilia. Hakumponya kila mgonjwa kwa kusema neno akiwa mbali, ingawa aliweza, kama alivyomponya mtumishi wa akida. Mara nyingi alipenda kufika.

Pengine mtu atasema: leo si tunaadhimisha kuondoka kwake? Ndiyo, leo Bwana anapaa, na macho ya mitume hayamwoni tena. Lakini angalieni walichofanya baadaye. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, kinatueleza kwamba malaika waliwauliza kwa nini wamesimama wakitazama juu. Wakarudi Yerusalemu, wakapanda ghorofani, wakadumu pamoja katika sala, na Maria Mama wa Yesu akiwa kati yao. Roho Mtakatifu aliwashukia walipokuwa wamekusanyika mahali pamoja. Mitume waliulizwa kwa nini wanatazama juu. Sisi labda tungeulizwa kwa nini tunatazama chini, kila mmoja kiganjani mwake, ilhali ndugu yupo mbele yetu.

Hatusemi haya ili kuilaani simu. Mvuvi aliyeharibikiwa na mashine baharini, akiwa bado karibu na pwani, huweza kuita wenzake wakamwokoa. Bibi aliyeko Ushongo huweza kuuona uso wa mjukuu wake aliyezaliwa Dar es Salaam au Muscat. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, kijana aliye mjini huweza kumtumia mama yake fedha za dawa bila kungoja msafiri. Haya yote ni mema, na tumshukuru Mungu aliyewapa wanadamu akili. Na sisi tunaosema nanyi kwa redio, je, hatutumii chombo? Hatuzioni nyuso zenu, nanyi hamzioni zetu. Kwa mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, redio hii ni msaada mkubwa. Lakini hata kwake haitoshi: anahitaji padre amletee Mafuta Matakatifu na Komunyo, anahitaji jirani amshike mkono. Mwaka 2002, Baraza la Kipapa la Upashanaji Habari katika Jamii lilifundisha wazi kwamba mtandao wa intaneti hauna sakramenti. Hatubatizwi kwa simu, wala hatuungami kwa simu. Maji lazima yaguse kichwa.

Wenyeji wa Ushongo wanaweza kutufundisha jambo. Karibu nao, baharini, kiko kisiwa kidogo cha Maziwe, ambako kasa hutaga mayai. Kwa kuwa kisiwa hicho hufunikwa na maji bahari inapojaa, mayai yamekuwa yakihamishiwa ufukoni Ushongo ili yaanguliwe salama. Baada ya miezi miwili hivi, kasa wadogo hutoka mchangani usiku na kuelekea kwenye mwanga wa upeo wa bahari. Lakini iwapo kuna taa kali upande wa nchi kavu, huifuata taa, wakaiacha bahari iliyo hatua chache tu kutoka kwao, na wengi hufa. Taa ile haikuwekwa kwa nia mbaya. Ubaya wake ni kwamba inang'aa kuliko njia ya uzima. Basi kila mmoja aichunguze taa ndogo iliyo mkononi mwake, aone inamwelekeza wapi.

Wapendwa wasikilizaji, na hasa ninyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, tunawaachia mambo manne ya kufanya.

Kwanza, mezani. Tarehe 11 Novemba 2015, hayati Papa Fransisko alifundisha kwamba familia ambayo haizungumzi mezani, bali inatazama televisheni au simu, imepungukiwa na jambo kubwa la kuwa familia. Basi wakati wa chakula, simu zikae mahali pamoja mbali na mkeka au meza, na ya baba iwe ya kwanza. Mtoto hawezi kumtii mzazi asemaye, "Acha simu," huku ameishika yake.

Pili, kanisani. Tarehe 8 Novemba 2017, Papa huyo huyo alieleza huzuni yake kuona simu nyingi zikiinuliwa wakati wa Misa, hata na baadhi ya mapadre na maaskofu. Alikumbusha kwamba padre huwaalika waamini wainue mioyo, hawaaliki wainue simu.

Tatu, katika ugomvi. Bwana anaagiza katika Injili ya Mathayo, sura ya kumi na nane, kwamba ndugu akikukosea umwendee, mkasemezane ninyi wawili peke yenu. Ni mara ngapi jumuiya zetu zimevunjika kwa sababu mtu alimkaripia mwenzake katika kundi la simu, mbele ya watu sitini? Maandishi hayana sauti wala macho. Jambo dogo lisomwapo usiku na mtu mwenye uchungu huwa kubwa. Ukiona hasira inapanda, usiandike. Vaa viatu, uende.

Nne, katika msiba na ugonjwa. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Tuma salamu, tuma na rambirambi, lakini hesabu hiyo kuwa hodi tu. Baada ya kupiga hodi, mtu huingia. Uliye mbali kweli, Mungu anajua umbali wako. Lakini uliye mtaa wa pili, au ng'ambo ya mto, usijihesabu kuwa umefika kwa sababu ujumbe wako umefika.

Juma hili, kila mmoja wetu achague mtu mmoja ambaye kwa muda mrefu amemsalimu kwa simu tu. Aende kwake, apige hodi, aketi, amtazame usoni, na asiharakishe kuondoka. Sisi tuliojifunza hilo kwa kuchelewa katika nyumba ile ya Ushongo tunawaombeni msichelewe.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyepaa mbinguni na ukaahidi kuwa pamoja nasi hadi mwisho wa nyakati, utusamehe kila mara tulipotuma maneno mahali ulipotutaka twende wenyewe. Utupe miguu iliyo tayari kwa safari, na macho ya kuona haja ya jirani, ili siku moja sote tukuone uso kwa uso. Amina.