Bei ya mwezi kwa mwenye mapato ya siku

Juma hili nimeandika barua moja mara mbili. Ile ya kwanza niliichana, na leo nataka niwaeleze kwa nini.

Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ana kiduka pale Manzese. Anauza sukari, unga, sabuni, dagaa na mafuta ya kula ya kupima. Ni duka kama lile lililoko mtaani kwako. Na kama wenye maduka wote, yeye hukopesha. Mwalimu huchukua unga akingojea mshahara. Seremala huchukua sabuni akingojea mteja amalizie fedha ya kitanda. Zamani madeni hayo yaliandikwa katika daftari la shule ambalo kona zake zilikwisha kuliwa na panya. Mwaka jana akaonyeshwa programu ya simu ya mkononi, kazi ya kijana mmoja wa hapa hapa Dar es Salaam. Inaandika nani kachukua nini, siku gani, na amebakiza kiasi gani. Jioni inajumlisha yenyewe. Tena inaweza kumpelekea mdaiwa ujumbe wa kumkumbusha, kwa adabu, pasipo watu kutoleana maneno mlangoni. Shemeji aliipenda mno. Kurasa za daftari zikaenda kufungia karanga.

Ada ya programu hiyo ni shilingi 12,000 kwa mwezi, na hulipwa tarehe 1, yote kwa mkupuo. Sasa nyote mnaijua tarehe 1. Mwenye fremu ya duka naye huijua. Mwezi uliopita ilimkuta shemeji amekwisha toa michango ya shule ya mtoto, na mfukoni hamna kitu. Hakulipa. Tarehe 4 programu ikafungwa, na madeni yote yakabaki humo ndani. Watu thelathini na kitu anawadai, na hawezi kuona ni nani anadaiwa ngapi.

"Shemeji," akaniambia, "wanaonidai mimi nawakumbuka wote. Ninaowadai ndio waliofungiwa humo." Akaniomba nimwandikie huyo kijana, kwa vile maneno ndiyo kazi yangu.

Nikaandika kwa hasira. Nikamwita kijana wa watu mnyonyaji, nikamtaka apunguze bei iwe nusu. Kabla ya kuipeleka nikamwuliza shemeji kwamba yeye mwenyewe angeweza kulipa kiasi gani. Akanijibu bila kufikiri sana: "Mia tano kila jioni nikifunga duka. Hiyo wala nisingeihisi." Nikapiga hesabu. Yeye hufungua duka siku 26 kwa mwezi. Mia tano mara 26 ni shilingi 13,000. Kumbe mama huyu yuko tayari kulipa zaidi ya ile bei niliyokuwa naipigia kelele! Hakuna mahali aliponiambia kuwa bei ni kubwa. Alichoshindwa ni kipimo. Hapo ndipo nilipoichana barua.

Na kipimo, ndugu zangu, si jambo geni kwetu. Mafuta tunanunua kwa kipimo, mkaa kwa kopo, sigara moja moja. Wataalamu hutucheka kwamba mtu wa kununua kidogo kidogo hupata hasara, na kwa hesabu ya karatasi wanasema kweli. Lakini ambaye hana fedha ya debe utamwambiaje anunue debe? Shirika la umeme lililitambua hilo tangu miaka ya 1990 lilipoleta LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Leo mtu hununua umeme wa kumtosha kwa juma hilo. Makampuni ya simu nayo yalifika huko huko: kwanza vocha ndogo ndogo, sasa kuna bando la siku, la wiki na la mwezi, kila mtu achague la kwake. Wala hawakufanya hivyo kwa kutuhurumia. Waliona fedha ya jioni nayo ni fedha.

Kijana wetu yeye ameiga desturi ya kwingine. Huko Marekani, kampuni ya Adobe ilitangaza mwaka 2013 kwamba matoleo mapya ya programu zake za wachora picha hayatauzwa tena moja kwa moja, bali kwa ada. Wengi wamefuata njia hiyo. Inamfaa mtu ambaye mshahara wake huingia benki siku moja kila mwezi. Mwenye duka la Manzese mshahara wake huingia kila anapouza nusu kilo ya sukari.

Lakini lazima nimtendee haki. Kabla ya kuandika barua ya pili nilijiuliza yeye anaishije. Nilikuwa na wazo la kumwambia auze mara moja tu, mtu alipe kisha programu iwe yake daima, kama mtu anavyonunua jembe. Lakini jembe likishatoka dukani mwuzaji hana kazi nalo tena. Programu hii madeni yake yanahifadhiwa katika mitambo ambayo kijana huyo hulipia kila mwezi. Ujumbe wa kuwakumbusha wadaiwa nao unalipiwa. Simu za aina mpya zikitoka ni lazima airekebishe. Na mama fulani akikosea kujumlisha saa 3 usiku, ni huyo huyo anayepigiwa. Ukimlipa mara moja, mwakani atakula nini? Mtengenezaji mdogo ukimkamua hadi akafunga, na daftari lako limekwenda naye.

Kwa hiyo barua ya pili ilikuwa fupi. Nilimweleza habari ya shemeji na hesabu ya mia tano. Nikamwomba aweke malipo ya siku kando ya yale ya mwezi. Na nikamwomba jambo moja zaidi, ambalo kwangu ndilo kubwa: mtu akichelewa kulipa, azuiwe kuandika mapya, lakini yale aliyoyaandika mwenyewe aachiwe ayasome. Madeni ni ya mwenye duka. Mwenye fremu akikufungia duka kwa ajili ya kodi, hakuchukulii na kumbukumbu zako kichwani.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, nalo lilikuwa la heshima. Alisema malipo ya siku hayawezi, kwa sababu kila muamala wa simu una makato, na ukikata kidogo katika mia tano mara 26 kinachobaki si kitu. Nakiri sikuwa nimelifikiria hilo, ingawa tozo za miamala zilizokuja Julai 2021 sote zilituuma. Badala yake amekubali malipo ya wiki: shilingi 3,000, siku yoyote mteja atakayochagua. Kwa mwaka wa wiki 52 ni shilingi 156,000, mahali ambapo wa mwezi hulipa 144,000. Shemeji ameiona tofauti hiyo, akasema haimsumbui. Amechagua Jumapili jioni.

Kuhusu kusoma madeni wakati umefungiwa, kijana amesema atatazama. Nimemwandikia tena kumwuliza atatazama mpaka lini.

Shemeji amelipa wiki yake ya kwanza na daftari limefunguka. Mwalimu amekwisha lipa unga. Ila jana alinipigia simu ana swali, nami sikuwa na jibu lake: wiki akisafiri kwenda msibani na duka likiwa limefungwa, je, hiyo elfu tatu nayo inadaiwa? Nimeliongeza kwenye barua.