Mpango wa Halmashauri ni wa Nani?



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa maofisa, yaani mpango mkakati wa halmashauri. Tunaamini ni jambo letu sote. Mama mjamzito anapofika zahanati akakuta mlango umefungwa, mara nyingi chanzo chake ni uamuzi uliofanywa, au ulioachwa bila kufanywa, miaka kadhaa nyuma.

1. Maana yake

Mpango mkakati hueleza halmashauri inataka kufika wapi, itaanza na lipi, nani atawajibika, fedha zitatoka wapi na mafanikio yatapimwaje. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliipa hotuba yake kuhusu Mpango wa Pili wa Miaka Mitano jina la "Kupanga ni Kuchagua". Mahitaji ni mengi kuliko fedha, hivyo anayechagua ndiye mwenye madaraka. Swali la haki, basi, ni hili: nani anachagua?

2. Funzo la historia

Mwaka 1972 ulianza utaratibu wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za kuchaguliwa zikavunjwa. Wataalamu walisogezwa karibu na wananchi, lakini waliwajibika kwa wakubwa wao wa juu. Huduma za mijini zilizorota hata halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982 zilirejesha mfumo mzima, nao ukaanza kazi tena mwaka 1984. Leo ibara ya 146 ya Katiba inatamka kwamba madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Utaalamu usiowajibika kwa wananchi hautoshi.

3. Mfano wa maboma

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Lengo lilikuwa jema. Wananchi walichanga fedha, wakafyatua matofali, wakasomba mchanga na kupandisha kuta. Lakini mahali pengi kuta zilibaki maboma yasiyo na paa. Pengine paa liliezekwa, mganga akakosekana. Au mganga alifika, akakosa nyumba, dawa na maji. Jasho la maskini likaota nyasi.

Hapo ndipo usimamizi wa mkakati unapopimwa. Halmashauri inayousimamia mpango wake huhesabu watumishi, dawa na fedha za uendeshaji kabla ya kuhimiza kijiji kipandishe kuta. Humaliza maboma matatu kabla ya kuanzisha kumi. Kila robo mwaka hukagua kilichotendeka na kurekebisha kilichopotoka. Isiyousimamia huandika kitabu kizuri, hukifungia kabatini, kisha hugawa fedha kwa kufuata sauti iliyo kubwa zaidi.

Haki yatudai tuseme pia kwamba halmashauri zina mipaka. Fedha zao nyingi hutoka Serikali Kuu zikiwa na masharti, na kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Barabara zimekuwa chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na maji vijijini chini ya RUWASA tangu mwaka 2019. Mipango ya vyombo hivi isipopatana, zahanati itajengwa pasipo bomba wala njia.

Aidha, tusidanganywe na hati safi ya ukaguzi. Hati hiyo husema kwamba hesabu zimeandikwa ipasavyo. Haisemi kwamba mgonjwa alipata dawa.

4. Wajibu wetu

Kwanza, tuhudhurie mkutano wa kijiji. Kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano huo wa watu wazima wote ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Asiyehudhuria amewaachia wengine wamchagulie.

Pili, tudai taarifa ya mapato na matumizi isomwe mkutanoni na kubandikwa ubaoni.

Tatu, tufuatilie safari ya pendekezo letu kutoka kijijini hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka hapo hadi halmashauri. Likikatwa, tuulize lilikatwa wapi na kwa sababu gani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai; anayeamka mwezi Juni amechelewa.

Nne, kabla ya kusema "kijiji kimeamua", tuwatafute wajane, walemavu na wanaoishi vitongoji vya mbali. Uamuzi uliowasahau hao haujawa wa kijiji.

Tukifanya hivyo kwa ustahimilivu, bila matusi wala woga, mpango wa halmashauri utakuwa ahadi inayodaiwa, na mwenye deni atajua kwamba anadaiwa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

(a) Je, kijijini au mtaani kwetu kuna boma lililosimama? Lilianza lini, na limekwama kwa sababu gani?
(b) Mara ya mwisho taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa lini? Nani kati yetu atakwenda kuiulizia?