Daktari Aliyeingia Barazani

Hotuba iliyosemwa mbele ya walimu na Wakristo wa Mwanga, Kigoma, katika siku za Yubilei



Wakuu wa Yubilei wameniagiza niseme habari za matibabu katika nchi yetu. Pengine mlitazamia nianze na Mapadre Weupe waliofika Ujiji mwaka 1879. Habari hizo mmekwisha kuzisikia mara nyingi, na wazee waliokaa hapa mbele wazijua kuliko mimi. Nimechagua kusema juu ya mtu ambaye hakukaa kwetu, wala ziwa letu halikuwa kazi yake. Lakini mwaka 1977 ilitoka katika wizara yake sheria iliyogusa kila nyumba ya wagonjwa ya misioni, tangu Kabanga huku kwetu Buha hata Masasi kule kusini. Wengi wenu mlizaliwa chini ya sheria hiyo msijue jina lake. Mtu huyo ni Daktari Leader Stirling.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akajifunza udaktari London, na mwaka 1935 akaja Tanganyika kufanya kazi ya misioni ya UMCA upande wa Masasi. Hospitali yake ilikuwa Lulindi. Hapo alifanya kazi ya upasuaji mahali ambapo mtu mwingine asingethubutu kufungua kisu, akawafundisha vijana wa vijiji vya jirani kazi ya uuguzi, kwa kuwa aliona ya kwamba daktari mmoja katikati ya pori hawezi kitu asipokuwa na mikono ya wenyeji. Mwaka 1949 aliingia Kanisa Katoliki, akahamia Mnero, upande wa Nachingwea, katika hospitali ya Wabenediktini. Baadaye, mwaka 1964, akaenda Kibosho. Nchi ilipopata uhuru alichagua kuwa raia wake, na alikufa akiwa raia wake mwaka 2003, mzee wa miaka 97.

Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiungwa mkono na TANU. Hesabuni wenyewe: alikuwa amekwisha kutibu watu kwa miaka 23 kabla ya kusimama barazani kusema neno. Nalisema jambo hili na vijana wa shule, wakacheka, wakaniuliza kama mbunge lazima awe mzee. Siyo maana yangu. Maana yangu ni kwamba alipozungumza habari ya mwanamke anayekufa njiani kwa uchungu wa kuzaa, alikuwa amekwisha kumwona, na pengine alikuwa amekwisha kumzika.

Aliendelea kuwa mbunge hata mwaka 1980, na tangu 1975 alikuwa Waziri wa Afya. Katika miaka hiyo mitano zilipitishwa sheria tatu ambazo nataka mzijue. Ya kwanza, mwaka 1977, ni ya kuzisimamia hospitali za watu binafsi. Mbili zilizofuata ni za mwaka 1978: moja juu ya ubora wa vyakula, na moja juu ya madawa na sumu.

Hizi mbili za mwisho sitazikalia sana. Shabaha yake yaeleweka na kila mama anayenunua sokoni: asiuziwe unga wenye uchafu, wala vidonge ambavyo hakuna aliyevipima. Zilidumu mpaka mwaka 2003, zikafutwa na sheria moja mpya iliyochukua kazi zao zote. Ni mwisho mwema kwa sheria, kufutwa kwa sababu imekua.

Ile ya 1977 ndiyo yenye mambo. Ilikataza mtu yeyote kuendesha hospitali kwa ajili ya faida. Daktari hakuruhusiwa kufungua chumba mjini akatoza ada na kujitajirisha. Ruhusa ilibaki kwa mashirika yaliyokubaliwa na Serikali, ambayo hayatafuti faida, na ya kwanza kati ya hayo ni yale ya dini. Hivyo milango iliyofungwa ilikuwa ya wengine. Yetu iliachwa wazi.

Kwa nini sheria kama hiyo? Kumbukeni hali ya nchi. Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka 1967. Huku kwetu, Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilikuwa imewahamisha watu kwa maelfu kwenda katika vijiji vipya, na kijiji kipya chataka zahanati. Vituo vya afya vya mashambani vilikuwa 22 tu mwaka 1961; kufika 1980 vilizidi 200. Vituo hivyo vilitaka watu wa kuvihudumia. Daktari alifundishwa kwa fedha ya umma, yaani kwa kodi ya mkulima wa Kasulu na mvuvi wa Ujiji, kisha akavutwa na mji, penye wagonjwa wenye fedha. Stirling, ambaye maisha yake yote alifanya kazi mbali na mji, hakuona ya kuwa hiyo ni haki.

Ninyi walimu mtaulizwa na wanafunzi jinsi muswada unavyopita, basi nitasema kwa ufupi. Mara ya kwanza husomwa jina lake tu. Mara ya pili Waziri hutoa hoja yake na wabunge huijadili. Kisha Bunge lote hukaa kama Kamati na kupita kifungu kwa kifungu, na hapo ndipo neno moja laweza kubadili maisha ya watu, kwa mfano neno "faida". Halafu husomwa mara ya tatu, na mwisho Rais hutia sahihi. Lakini tuseme kweli: Bunge la 1977 lilikuwa la chama kimoja, na mambo makubwa yalikuwa yamekwisha kuamuliwa na Chama kabla hayajafika pale. Mjadala ulikuwapo, ila ulikuwa na uzio.

Upande wa pili ulikuwa na hoja yake, na haifai tuifiche kwa kuwa leo ni sikukuu. Kufunga mlango wa daktari wa mjini hakuongezi dawa hata kidonge kimoja katika zahanati ya kijijini. Na ndivyo ilivyotokea. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikomba hazina, bei ya mafuta ilipanda, na katika miaka ya 1980 dawa zilipungua kila mahali. Madaktari wengine walikwenda nchi za nje. Wengine walitibu kwa siri baada ya saa za kazi. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa, na hospitali za faida zikaruhusiwa tena. Miaka miwili baadaye, 1993, hospitali za Serikali zenyewe zikaanza kutoza ada kidogo kidogo.

Mtu aweza kusema, basi kazi ya Stirling ilivunjika. Mimi sisemi hivyo upesi, na ushahidi wangu ni wa hapa hapa Kigoma. Katika miaka hiyo hiyo ya dhiki, tangu 1984 hata 1991, Daktari Godfrey Mbaruku alifanya kazi katika hospitali ya mkoa, Maweni. Alipoanza, kati ya watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 933 walikuwa wakifa. Alipomaliza, hesabu ilikuwa 186. Hakungoja fedha ya ng'ambo. Alitumia zaidi vitu vilivyokuwapo: alitengeneza vyombo vilivyochakaa, akapanga zamu za wauguzi, akatafuta sababu ya kila kifo pasipo kumwogopa mtu. Hospitali ya Serikali, katika miaka mibaya kuliko yote, mwishoni mwa reli ya kilomita 1,200 na zaidi! Nasema hivi ili ionekane ya kwamba lile wazo, kuwa tiba njema yaweza kutolewa pasipo biashara, halikuwa ndoto ya mzungu mmoja wa Lulindi.

Sasa nitasema neno lililo gumu kwangu.

Katika miaka ya 1990 nalikuwa mwalimu katika kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya mji. Jirani yangu mvuvi alikuwa na mke aliyeshikwa na uchungu usiku, na mtoto akawa amekaa vibaya. Tukampakia mtumbwini, karabai mbele, tukakata maji mpaka alfajiri. Tulipofika kwenye matibabu tuliulizwa fedha kwanza. Sitaitaja nyumba hiyo, wala yule aliyekuwa zamu. Nitasema tu kwamba haikuwa ya Serikali wala haikuwa ya mfanya biashara, nanyi mwaweza kukisia iliyobaki. Mvuvi hakuwa na fedha. Aliweka rehani wavu wake wa dagaa. Mama alipasuliwa, akapona, na mtoto akapona. Kazi ya mikono ya wale waliomtibu ilikuwa njema sana, siwezi kuwavunjia heshima. Lakini wavu ulikaa huko giza mbili nzima, na ninyi watu wa ziwa mwajua maana yake: miezi miwili ya usiku mweusi, wenzake wakirudi na dagaa, naye amekaa ufukoni. Binti yake mkubwa, aliyekuwa darasani kwangu, aliondoka shule ili asaidie nyumbani.

Nalijiuliza kwa miaka mingi: sheria ya 1977 ilituacha wazi sisi kwa sababu gani? Kwa sababu tulisema hatutafuti faida. Sheria ikabadilika, na wakati ule ule misaada ya kutoka ng'ambo ikapungua, dawa zikawa za kununuliwa, waganga wakataka mishahara, nasi tukaandika bei ukutani. Najua ugumu huo. Nimekaa katika kamati, nimeona vitabu vya hesabu. Hospitali isiyolipa mshahara hufungwa, na iliyofungwa haimponyi mtu. Lakini wavu wa mvuvi haukuwa faida wala mshahara. Ulikuwa chombo cha kazi cha maskini, na sisi tuliukubali.

Ndiyo maana mjadala wa Bunge wa miaka ya karibuni ulinifanya nikeshe na redio. Mwezi wa Septemba mwaka 2022 uliletwa muswada wa bima ya afya kwa wote. Haukupita mara moja. Ulirudishwa nyuma, na kizuizi kikubwa kilikuwa swali lile lile: asiye na kitu atalipiwa na nani, na fedha itoke wapi? Ulipita mwezi wa Novemba mwaka 2023, ukiwa na mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, wa kujazwa na kodi na ushuru. Waliojadili miaka ya 1970 walikataza kuuza tiba; waliojadili juzi walikubali kwamba tiba ina bei, wakatafuta mlipaji. Ni njia mbili za kumfikia mtu mmoja aliye mtumbwini. Nikiulizwa, naiona hii ya pili kuwa ya kweli zaidi, kwa kuwa haijifanyi kutoiona bei. Ila ile ya kwanza ilikuwa na kitu ambacho sitaki kipotee, nacho ni aibu ya kumdai mgonjwa.

Na kuna jambo ambalo halikumalizwa Bungeni, wala haliwezi kumalizwa huko. Nani ataandika majina ya wasio na uwezo? Kuna mtu mwenye nyumba ya bati aliye maskini kuliko mwenye nyumba ya nyasi. Kuna mjane ambaye hatasema. Afisa kutoka mjini hatalijua hilo. Walimu mnalijua, kwa sababu mnaona ni mtoto gani ameacha kuja na kwa nini. Makatekista mnalijua. Nawaomba, itakapoitishwa orodha katika vijiji vyenu, msikae nyuma mkingoja barua.

Yule mvuvi alikomboa wavu wake katika mwezi wa tatu. Binti yake hakurudi shule. Nalimwona kwa mara ya mwisho kwenye mwalo wa Kibirizi, mtu mzima mwenye watoto wake, akianika dagaa. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," nami nikamwitikia. Tukazungumza habari ya bima, maana aliisikia redioni. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, jina huandikishwa huku huku kwetu, au mtu lazima apande mtumbwi kuja mjini?"

Nikamwambia nitauliza.