Trofimo Aliachwa Mileto

Mwishoni mwa barua yake ya pili kwa Timotheo, Paulo anataja jambo dogo: Trofimo, mwenzake wa safari, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Ni Paulo yule yule ambaye wengi waliponywa kwa mikono yake! Wala hasemi kwamba Trofimo alipungukiwa imani.

Nawakumbuka ndugu zetu wa Kongo, kule Kawangware, na wa Kibera pia, wanaougua baridi yabisi. Asubuhi vidole vimekakamaa saa nzima au zaidi, hata kuinua mtungi wa maji ni taabu. Jioni mama huyo anafua nguo, na majirani wanasema asubuhi alijisingizia. Hasha! Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Kinga ya mwili yenyewe hushambulia viungo. Haukuletwa na baridi ya Julai, ingawa jina latudanganya, wala si kurogwa.

Wako wanaoombewa Jumapili, na Jumatatu wakatupa vidonge. Tafadhali, usivitupe. Uvimbe usiotulizwa hula mfupa, na kidole kikishapinda ni vigumu kunyooka tena. Kama umepewa vidonge vya methotreksati, kwa ugonjwa huu humezwa siku moja tu kwa juma. Kumeza kila siku ni hatari kubwa. Maumivu yakizidi usijiongezee, rudi kwa daktari. Timotheo naye, mtu wa maombi, alishauriwa na Paulo atunze tumbo lake kwa divai kidogo.

Nawe jirani, kesho alfajiri ukimkuta bombani, mbebee mtungi.