Tufahamu Kwanza, Ndipo Tujibu

Maneno yaliyosemwa Kapalata, Kisangani, mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji



Tumeombwa tuseme habari ya kujibu. Labda wengine watadhani ni neno la watoto wa shule. Lakini sisi tunaofanya ukarani katika migodi twaona mara nyingi mtu mzima, mwenye nguvu na akili, akipotewa na kazi yake kwa sababu ya jibu la mistari miwili. Hakuiba, hakupiga mtu. Alijibu upesi, basi.

Katika mji huu wa Kisangani neno halitembei na nguo moja. Asubuhi nyumbani ni Kiswahili, sokoni na kambini ni Lingala, ofisini ni Kifaransa. Hapa Kapalata mwakumbuka miaka ya 2000, walipoletwa wapiganaji wa makundi mbalimbali wachanganywe kuwa jeshi moja, kila mmoja na lugha ya kwao. Tuseme kapita anapita haraka na kupiga kelele: “Mishahara, lobi!” Kwa Lingala “lobi” ni jana, tena ni kesho, maneno yanayofuata ndiyo yanayoonyesha ni siku gani. Asiposema maneno hayo, huyu amesikia kwamba pesa zitatoka kesho, na yule amesikia kwamba zilitoka jana na yeye hakupata. Wa pili anakwenda dirishani kwa karani na matusi mdomoni. Karani naye, akijibu kwa matusi, ugomvi umekwisha kuzaliwa, na pesa hazijafika hata kidogo.

Kifaransa nacho kina mitego yake. Wakisema mkutano ni “renvoyée”, umeahirishwa. Wakisema mfanyakazi ni “renvoyé”, amefukuzwa. Neno ni lile lile. Mtu akisoma mbio tangazo la ukutani kwamba mkutano wa wajumbe umeahirishwa, akadaka maneno mawili tu, atarudi shimoni kuwaambia wenzake kwamba wajumbe wetu wamefukuzwa. Je, wenzake watafanya nini? Wataweka sururu chini. Tajiri naye ataandika kwamba wameacha kazi bila sababu, na siku hiyo atakuwa na haki ya kuandika hivyo.

Sasa tuje kwenye karatasi inayoumiza watu kuliko zote, ile “demande d’explication”. Mwaijua. Mkubwa anaandika kwamba siku fulani, saa fulani, ulifanya jambo fulani, naye anataka ujieleze kwa maandiko katika muda mfupi. Mfanyakazi akiipokea moyo unapanda. Wengine wanaandika hasira: “Ninyi mmenichukia tangu zamani.” Hilo ni baya, lakini liko baya zaidi, nalo latoka kwa watu wapole.

Mtu mpole, aliyelelewa vizuri na wazee wake, anaandika: “Bwana mkubwa, naomba unisamehe.” Kwetu neno hilo ni adabu. Twalisema tukipita mbele ya mzee, twalisema hata kama hatukukosa, ili maneno yasiwe marefu. Lakini likiingia katika faili kwa Kifaransa halibaki adabu. Litasomwa hivi: mfanyakazi anakubali kosa. Kama kosa lililoandikwa juu ni wizi wa mafuta, basi umekubali wizi wa mafuta, na wewe ulidhani unaomba msamaha kwa kuchelewa. Tumeona barua za namna hiyo. Mwenyewe akija kulia baadaye, anaonyeshwa sahihi yake.

Kwa hiyo karatasi hiyo isijibiwe siku ya hasira wala siku ya woga. Isome na mtu wa pili anayejua Kifaransa, akufasirie neno kwa neno, si kukuambia kwa jumla tu kwamba “wanakulaumu”. Tazama tarehe: je, siku hiyo ulikuwa zamu? Tazama neno la kosa: kuchelewa si kukataa kazi, na kupoteza chombo si kukiiba. Jibu lile uliloulizwa, usiongeze habari za mwaka jana. Kama lina sehemu mbili, moja ya kweli na moja ya uongo, zitenge, kila moja na jibu lake. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inatambua wajumbe wa wafanyakazi. Waendee kabla ya kuandika. Wengi wanawaendea wakiwa wamekwisha kufukuzwa, na hapo mjumbe abaki na nini cha kufanya? Tena shika nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Msidhani kwamba kujibu vibaya ni ugonjwa wa wadogo. Wakubwa pia wanao, na wao jibu lao laweza kuvunja nchi. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru, askari wa Force Publique mjini Léopoldville walitaka kujua hali yao itakuwa nini. Katika jeshi lile hapakuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Jenerali Janssens, Mbelgiji, mkuu wao, alichukua chaki akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Labda yeye alidhani anafundisha nidhamu ya askari. Askari walisoma kwamba uhuru si wao. Uasi ulianza siku ile ile, ukafika Thysville, ukaenea. Tarehe 10 Julai majeshi ya Ubelgiji yaliingia, na tarehe 11 Katanga ikajitenga. Hatusemi kwamba chaki peke yake ilileta hayo yote. Hasira ilikuwapo zamani. Lakini askari walikuwa wameuliza neno, nao walijibiwa kwa dharau.

Wengine watatuambia: “Na Lumumba je? Naye hakumjibu mfalme papo hapo, tarehe 30 Juni?” Watu wengi husimulia hivyo, kama kwamba aliruka kitini kwa hasira. Sivyo. Hotuba yake ilikuwa imeandikwa kabla, na wengine walipokuwa wakisema yeye alionekana na karatasi zake magotini, akisahihisha. Mtu aweza kuyapenda maneno yale au kutoyapenda, lakini hayakumponyoka. Alikuwa ameyapima, akataka kuyasema hivyo.

Sasa neno zito la mji wetu. Tarehe 14 Mei 2002, asubuhi, askari walioasi waliiteka redio ya Kisangani, wakawaita raia wainuke na kuwafukuza Wanyarwanda. Watu walikuwa na uchungu mwingi. Miaka miwili nyuma, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita juu ya paa za nyumba zetu. Basi sauti ilipotoka redioni, wako waliojibu mara moja. Hawakuuliza: anayesema ni nani? Ana askari wangapi? Watu kadhaa waliodhaniwa kuwa Wanyarwanda waliuawa njiani. Halafu, siku ile ile, waasi walikuwa wamekwisha kuondoka redioni, na wakuu wa RCD-Goma wakaleta askari wao. Walioadhibiwa ni raia wa Mangobo, na maiti zilitupwa katika mto Tshopo. Umoja wa Mataifa ulihesabu waliouawa zaidi ya 100.

Tusieleweke vibaya hapa. Damu ya Mangobo iko juu ya waliopiga risasi, si juu ya waliozipokea. Lakini tukumbuke kwamba sauti ile redioni ilitaka jibu la upesi tu, maana jibu la polepole lisingeifaa. Na ule ugomvi wa Wambole na Walengola kule Lubunga, ulioanza Februari 2023 kwa ajili ya ardhi? Wangapi walivuka mto na watoto mgongoni? Leo habari hazingoji redio, zinapita katika simu: “Umesikia? Wanakuja!” Kabla ya kuipeleka kwa mwingine, muulize aliyekuletea: wewe umeona, au umeambiwa?

Mzee mmoja hapa alituuliza jambo la haki: anayekawia kujibu, je, hataonekana ana hatia? Ni kweli, ziko ofisi zinazohesabu kimya kuwa ni kukubali. Ndiyo maana hatuwafundishi kunyamaza. Andika siku ile ile: “Nimepokea barua yako, nitajibu kabla ya muda uliowekwa.” Kwa mdomo sema: “Mkubwa, nimesikia hivi, ndivyo ulivyosema?” Mara nyingi yeye mwenyewe atasema, “La, sikusema hivyo,” na maneno yataishia hapo.

Makarani wawili tutakuwa barazani hapa Jumapili mchana. Mwenye karatasi asiyoifahamu aje nayo kabla hajaandika kitu, tena alete na bahasha yake, maana wengine wanaandikiwa juu yake tarehe waliyoipokea, nasi tutahesabu siku zilizobaki.